Kipande cha Gramu Tatu

Currais Novos, 12 Februari 2016

Kwa wifi yangu Marlúcia, huko Juazeiro,

Nakusalimu kwa jina la Bibi Sant'Ana, mlinzi wa mji wetu, ambaye ni shahidi kwamba huku tuko hai, mvua haijanyesha na mbuzi wamebaki watano. Natumai wewe na shemeji Nildo hamjambo, na karakana yenu ya pete inawapa ugali wenu wa kila siku.

Ndani ya kisanduku hiki nimeweka pete ya ndoa ya marehemu mume wangu, kaka yako Miro. Nimeifunga kwa kitambaa, kisha kwa nailoni, kisha nikawataka watu wa posta wapige mhuri mbele ya macho yangu. Tangu tumzike Novemba nimekuwa nikiivaa kama desturi inavyotaka kwa mjane: pete mbili kwenye kidole kimoja cha mkono wa kushoto, yangu na yake, ili anayenitazama ajue na asiniulize mume yuko wapi. Lakini kidole cha Miro kilikuwa muhogo, na changu unakijua. Juzi ilichomoka nikiosha vyombo. Nimeikuta kwenye ndoo ya makombo ya nguruwe, na hapo nililia kuliko siku ya mazishi.

Nipunguzieni, kutoka namba ishirini na saba hadi kumi na nane. Nyinyi wenyewe ndio mliotupatia hizi pete za tungsteni, madini yaleyale aliyochimba Miro mgodini, tulipotimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Unakumbuka Miro alivyosema mbele za watu: "Ujana wangu wote nimelitoa jiwe hili ardhini wakalichukua wengine. Leo na mimi navaa langu."

Nina mambo mawili. La kwanza, nimeipima kwenye mizani ya duka la dawa: gramu kumi na saba. Kipande mtakachokata nirudishieni, hata kikiwa kama punje ya mchele. Mama yangu mzazi alinifunza hivyo. Pete ikipunguzwa, sonara arudishe kilichokatwa. Asiyerudisha anamtengenezea mkewe vipuli. Sikusemi wewe, nasema masonara.

La pili, nataka iwe kidoleni mwangu kabla ya Siku ya Mama, tarehe nane Mei, maana nitakuja kukaa na Mama mkwe. Siku ya mazishi ulisema utampa habari ya msiba wewe mwenyewe, taratibu, kwa sababu ni mzee na haoni. Nikakubali. Sasa ni miezi mitatu na Mama Quitéria hajanitumia hata neno moja la pole. Ananilaumu? Anadhani nilimwachia mwanawe afe uani kama kuku? Niambie ukweli.

Wala usinipigie simu. Kwenye simu unatiririka kama bomba lililopasuka, nikikata nakuta sijajibiwa. Kwenye karatasi nakushika vizuri.

Wifi yako,
Zuleide


Juazeiro, 22 Februari 2016

Wifi yangu wa moyoni,

Kisanduku kimefika na mhuri wake mzima, ondoa shaka. Nilipokifungua nilikaa chini. Nilikuwa sijaiona pete ya kaka yangu nje ya mkono wake tangu siku ile niliyomvisha.

Nildo ataishughulikia mwenyewe, hatampa fundi mwingine. Kazi ni nyingi, wachumba wa mwezi wa Mei wameshaanza kuja, lakini yako itatangulia. Kipande utakipata.

Kuhusu Mama, usiweke kitu moyoni. Hakulaumu hata kidogo. Msiba umemfunga mdomo, basi. Macho yamekwisha, masikio nayo yamekuwa mazito, na anakula kama kifaranga. Nakuomba usimwandikie, kwa sababu atakayemsomea ni mimi, na mimi nikilifikia jina la Miro sauti inakatika.

Siku ya Mama sioni kama ni wakati mzuri. Tunakarabati nyumba, chumba cha wageni hakina paa, na mji unajaa wageni. Tuseme Julai? Au nije mimi huko?

Nimekuwekea sukari guru mbili za kule milimani unazozipenda.

Akupendaye,
Marlúcia


Juazeiro, 9 Machi 2016

Wifi mpenzi,

Haya, kazi imekwisha. Namba kumi na nane kamili, jina lako na tarehe ya ndoa vimo ndani kama zamani. Tumeisafisha ndiyo maana herufi zinang'aa. Kipande ulichokitaka kimo kwenye karatasi nyeupe. Kishike kwa uangalifu, kina makali.

Nildo anakusalimu. Mama naye.

Wako,
Marlúcia


Currais Novos, 19 Machi 2016

Wifi Marlúcia,

Pete imeingia kidoleni kama iliyozaliwa hapo. Nimekushukuru kwa muda wa dakika kumi. Kisha nikaenda duka la dawa.

Pete, gramu kumi na nne. Kipande, gramu tatu. Jumla kumi na saba. Mwenye duka akacheka: "Haki yako hiyo, Dona Zuleide, hujaibiwa hata chembe." Nikamjibu, "Ndicho kinachonitisha." Tangu lini fundi akakata kitu kisidondoshe hata vumbi? Mkate tu ukikatwa unaacha makombo. Hesabu iliyotimia namna hiyo, wifi, imetimizwa na mtu.

Nikakipeleka kipande kwa Mzee Otacílio, yule aliyenoa vichwa vya keekee mgodini miaka thelathini. Akavaa miwani, akakigeuza, akanitazama.

"Hiki kimekatwa na nani?"

"Na shemeji yangu Nildo."

"Kwa msumeno gani?"

"Nitajuaje mimi?"

"Muulize. Maana huo msumeno mgodi mzima ungeutaka."

Akanieleza, na nakuandikia alivyonieleza. Hiki si dhahabu. Ni kitu kilekile kinachowekwa kwenye ncha za keekee ili zitoboe mwamba. Hakikunjwi, hakifuliwi, hakiunganishwi. Huwezi kukipunguza ukakirudisha kikawa duara. Ukikibana sana kwa koleo kinapasuka kama sahani. Akanionyesha ukingo wa kipande chako: umemeguka kama kigae. "Hiki hakikukatwa, Zuleide. Kimevunjwa."

Sasa niambie. Ikiwa kilichovunjwa ni pete ya mume wangu, hii niliyoivaa ni ya nani? Na ikiwa iliyovunjwa si yake, yake iko wapi? Mchana nakaa nikiigeuzageuza kidoleni nikihisi nimeshika mkono wa mwanamume nisiyemjua.

Nitasema na lile jingine, nisije nikapasuka. Pale mazishini palikuwa na mwanamke mwenye gauni la zambarau, alilia kunishinda mimi. Mlisalimiana. Kama pete ya Miro imekwenda kwenye mkono huo, nitakuja huko kwa miguu.

Zuleide


Juazeiro, 28 Machi 2016

Wifi yangu,

Pasaka njema, ingawa barua yako imenipitisha Pasaka bila usingizi.

Mwanamke wa zambarau alikuwa mpishi wa kantini ya mgodi. Analia kila msiba, hata wa watu asiowajua. Alinisalimia kuniuliza choo kiko wapi. Hilo tulizike.

Juu ya pete, Mzee Otacílio amesema kweli, na mimi nimekosa. Hakuna fundi anayepunguza tungsteni. Mteja akituletea pete iliyo kubwa, tunampa ndogo ya muundo uleule, tunaandika jina ndani kwa leza, na ile ya kwanza tunaitia kwenye boksi la marejesho. Wenzetu wote wa kazi hii wanafanya hivyo na hakuna anayelalamika, maana pete hizi hazichuniki. Ya miaka sita na ya jana ukiziweka mezani hata mimi siwezi kuzitofautisha. Sikufikiri kwamba kwako ingekuwa tofauti.

Na kipande? Wewe ulikidai! Ningesema hakuna, ungesema nimejitengenezea vipuli. Nildo akavunja pete mbovu kwa koleo, tukatafuta kipande cha gramu tatu ili roho yako itulie. Tulihangaika asubuhi nzima na mizani. Sasa naona tungehangaika kidogo zaidi tukaongeza makombo.

Pete ya Miro ilikuwa kwenye boksi, na boksi limekwenda kiwandani kusini kusagwa. Haipo tena. Nisamehe, wifi. Iliyo mkononi mwako ina jina lako na tarehe yako, ivae kama yake. Yeye mwenyewe asingejali.

Nakuomba tena usije Mei. Mama amedhoofika.

Marlúcia


Currais Novos, 10 Aprili 2016

Marlúcia,

Leo sikuiti wifi mpaka nimalize.

Lindalva, jirani yangu anayeuza jibini, alikuja Juazeiro na basi la mahujaji. Jumapili iliyopita alipita kwenu na kipande cha jibini la kukaanga nilichompa amletee Mama mkwe. Sikukwambia makusudi. Wewe ulikuwa kanisani. Amerudi jana, akaja moja kwa moja kwangu kabla ya kutua mzigo.

Anasema nyumba yenu haina ukarabati wowote. Chumba cha wageni kina paa, tena kina pazia jipya.

Anasema alimkuta Mama Quitéria kibarazani, amekaa na shemeji Nildo, amemshika mkono wa kushoto kwa mikono yake miwili.

"Hujambo, Mama Quitéria?" Lindalva akamwambia.

"Sijambo, mwanangu. Sogea umsalimie Miro wangu. Leo Jumapili, amekuja kuniona."

Lindalva anasema nywele zilimsimama. Akamtazama Nildo. Nildo akaweka kidole mdomoni, macho yamemjaa machozi. Na kwenye ule mkono mwingine, ule ulioshikwa, kidole cha pete kilikuwa na pete pana ya kijivu. Nildo, ambaye miaka thelathini namjua na pete nyembamba ya dhahabu!

Kiwandani kusini, eh? Kusagwa, eh? Njia ya mwongo ni fupi, Marlúcia, na yako imeishia kwenye kibaraza chako mwenyewe.

Sitaki tena maneno ya bomba. Nijibu mawili tu. Kwa nini mumeo amevaa pete ya mume wangu? Na kwa nini Mama mkwe anadhani mwanawe yuko hai?

Zuleide


Juazeiro, 17 Aprili 2016

Wifi,

Niite utakavyo, mimi nitakuita wifi.

Mama hajaambiwa. Sikumwambia Novemba, sikumwambia Krismasi, sijamwambia mpaka leo. Nilipokuja mazishini nilimuaga kwamba nakwenda kwenye maonyesho ya pete. Niliporudi nikasimama mlangoni nimeshika kifua, yeye akauliza, "Pete zimenunuliwa?" Nikasema zimenunuliwa. Baada ya hapo kila siku ilikuwa ngumu kuliko ya jana. Nikamwambia Miro amepata kazi mbali, Pará, hapati likizo.

Unajua Miro alikuwa akija kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Alikuwa anakaa na Mama, na Mama anaizungusha ile pete kidoleni mwake huku wakiongea, kama watu wengine wanavyotembeza rozari. Januari alianza kukataa chakula. "Miro akija nitakula." Daktari akasema mtu wa miaka tisini asiyekula hana wiki nyingi.

Ndipo kisanduku chako kikafika. Haki ya Mungu sikukusudia kuiba. Nilikusudia kukupa pete nyingine kama tunavyowapa wateja wote, na hii kuiweka. Nilikuwa nimeishika mkononi, nzito, baridi, nikasema ikiwa mimi nikifumba macho naona ni kaka yangu, je yeye? Nikamwomba Nildo. Alikataa siku tatu. Siku ya nne Mama hakunywa hata maji, naye Nildo akakubali. Akavua pete yetu, akavaa ya Miro, akakaa. Nikamwambia Mama kwamba Miro ameacha kazi ya Pará, na ameumwa koo, hawezi kusema kwa sauti. Akaishika pete. Akaizungusha. Kisha akasema, "Nileteeni uji."

Tangu siku hiyo anakula, wifi. Kila Jumapili. Amenenepa mashavu.

Sasa unaelewa kwa nini sikutaka uje. Siyo wewe. Ni mkono wako. Mama akikushika mkono atakuta pete mbili kwenye kidole kimoja, na hakuna mwanamke wa nchi hii, aone asione, asiyejua maana yake. Utamuua kwa kumsalimia tu.

Nikanyage ukitaka, ila nje ya nyumba hii. Humu ndani niachie mama yangu.

Marlúcia


Currais Novos, 24 Aprili 2016

Marlúcia,

Nimeisoma barua yako mara nne. Mara ya kwanza nilitaka kuja kukuvuta nywele. Mara ya nne nilikuwa nimelowa machozi na sikujua ninayemlilia ni nani.

Lakini sikusamehe, na nitakwambia kwa nini. Umenifanya niamini miezi mitano kwamba mama wa mume wangu ananichukia. Nimekuwa nikiamka alfajiri nikihesabu makosa yangu: labda ningemzuia asiende kulisha mbuzi juani, labda ningemlazimisha aende hospitali ile wiki alipolalamika kifua. Nimejishtaki, nimejihukumu, nikidhani na Mama naye ameshanihukumu. Kumbe Mama hajui hata kama kuna kesi. Ungeniambia, wifi. Mimi si mtu wa barabarani. Ningeweza hata kukusaidia kudanganya, Mungu anisamehe.

Wewe umepata Jumapili zako. Mama amepata uji wake. Nildo wa watu amepata mzigo. Mimi nimepata nini? Kigae cha gramu tatu na pete ya mteja.

Miro ni marehemu. Amekufa tarehe kumi na saba Novemba, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwangu, na pete hiyo ikiwa kwenye mkono huo. Haikuwahi kuwa mkono wa Nildo. Naitaka.

Nitapanda basi Ijumaa tarehe sita Mei. Sitamwambia Mama lolote. Nitavua hata yangu, nitaweka mikono mfukoni kama mwizi, nitamletea jibini, nitasema Miro anamsalimia na koo bado linamuuma. Nitasema uongo wako wote kwa mdomo wangu. Lakini nikiondoka, naondoka na pete ya mume wangu. Utajua mwenyewe utamfanyaje Mama Jumapili itakayofuata.

Zuleide


Juazeiro, 1 Mei 2016

Kwa Zuleide, mkaza mwanangu,

Anayeandika ni mkwe wangu Josenildo, yaani Nildo wetu. Anayesema ni mimi, Quitéria, mama yake Miro. Nimemwambia aandike kila neno, asirembe, asiruke.

Barua yako ya wiki iliyopita aliipokea mlangoni Alhamisi, Marlúcia akiwa karakana. Nikasikia karatasi. Wananidhani kiziwi, mimi huwa sisikii nikitaka. Nikamuuliza, "Ya nani?" Akasema ya kampuni ya umeme. Nikamwambia, "Basi nisomee ya kampuni ya umeme." Akakohoa. Nikamwambia, "Nildo, mimi nimezaa watoto sita, nimewazika watatu, na sasa wanne. Soma."

(Shemeji, nilisoma. Nilipofika kwenye neno marehemu nilishindwa. Yeye ndiye aliyelimalizia.)

Sikukwambia uongeze ya kwako. Haya, iache.

Zuleide, mwanangu, mimi najua tangu Februari. Sikiliza nilivyojua. Novemba nilishuku, kwa sababu Marlúcia alirudi safari akiwa kimya, na huyo tangu azaliwe hajanyamaza. Lakini kushuku si kujua, na mama huwa ana njia elfu za kutojua. Nikaacha kula. Nilikuwa nawangoja waseme.

Siku hiyo wakaniletea mkono. Ulikuwa mkono wa Nildo, ningeutambua hata nikiwa kaburini, unanuka dawa ya kung'arishia pete na una jasho kama wa bwana harusi. Nikataka kucheka. Nikasema moyoni, hawa watoto wamenifanya mjinga mpaka huku. Kisha vidole vyangu vikafika kwenye pete.

Pete ilikuwa yake kweli. Laiti wangeniletea nyingine, yoyote ile, ningecheka na ningeendelea kungoja mpaka leo. Lakini ilikuwa yenyewe. Ni mara ngapi nimeizungusha! Pale pembeni ina kidonda kidogo, kama ukingo wa ukucha wa mtoto. Marlúcia anasema hazichuniki na hazitofautiani. Hazitofautiani kwa wenye macho. Ndipo nikajua mwanangu amekufa. Maana mume aliye hai haazimishi mtu pete yake ya ndoa.

Nikaomba uji, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kusema.

Utaniuliza kwa nini nimewaacha. Kwa sababu Marlúcia alikuwa amesimama nyuma ya kiti akizuia pumzi, na nikaona, huyu naye amefiwa na kaka yake, na kwa uongo wake amejinyima pa kulilia. Nikila atapumua. Basi nikala. Na Nildo huyu, miaka thelathini ndani ya nyumba moja hajawahi kunishika mkono. Kila Jumapili alikuwa anakaa saa nzima kimya, akilia bila sauti, akidhani sioni. Mkwe akilia juu ya mkono wako unamwambiaje, nenda zako?

(Naomba nipumzike kidogo.)

Amepumzika. Twende.

Lakini mimi sijalia, Zuleide. Tangu Februari sijapata kulia. Humu ndani siwezi, nikilia mchezo utavunjika na wao watavunjika nao. Nimekaa na msiba wangu kama mtu aliyefungiwa na mgeni chumbani. Na wewe huko umekaa ukidhani nakulaumu. Nikulaumu kwa lipi? Mwanangu amekufa akiwa ameshikwa mkono. Nimekuwa nikiomba miaka yote watoto wangu wasife peke yao, na wa kwanza kusikilizwa katika hilo ni yeye, kupitia kwako. Pole, mwanangu. Pole sana. Hilo ndilo neno ulilolingoja, nalo limechelewa si kwa kosa langu.

Marlúcia nimemwambia jana jioni. Alipiga magoti, nikamwambia ainuke, magoti hayavui samaki. Sasa amelala kwenye kitanda changu, amelia mpaka homa imempata. Usimvute nywele ukifika. Mwache kwanza apone, utamvuta Jumatano.

Usije na mikono mfukoni. Njoo umevaa nyeusi, uniambie yote: alikuwa amesimama au amekaa, alisema nini, mbuzi walikuwa wanafanya nini. Usiache kitu.

Nildo amevua pete ya Miro, amerudisha yake ya dhahabu, na mkewe ndiye aliyemvisha. Ya Miro nimeivaa mimi kwenye kidole gumba, ndicho pekee kinachoijaza. Ni yako, nitakupa. Ila usiku wa kwanza ukifika, mkaza mwanangu, niachie nilale nayo.

Mama yako,
Quitéria